Lord of the Flies ya mtumba kutoka tao: usiangalie baragumu, angalia mikono

Kitabu ni Lord of the Flies cha William Golding, nakala ya Faber, karatasi zimegeuka rangi ya chai na mgongo umeshikwa na selotepu. Nimekitoa kwa wale wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaotandika kando ya barabara tao hapa Nairobi, alianzia mia nne tukaongea tukafika mia mbili hamsini. Kitabu nakipa nyota nne kati ya tano. Muuzaji nampa zote tano, maana anakuachia usome umesimama bila kukusukuma ununue, na amepanga vizuri, riwaya huku, vya shule kule, vya dini peke yake, yote hapo chini kwa gunia, kazi safi kushinda maduka mengine yenye rafu na stima. Ile nyota moja ya kitabu nitafika, na si ya mambo madogo.

Chenye kimenifanya nikae chini niandike ni penseli. Aliyekuwa na hii nakala mbele yangu alikuwa mwanafunzi, na pembeni mwa kurasa ameandika majibu: baragumu sawasawa na demokrasia, miwani sawasawa na sayansi, moto sawasawa na matumaini, Jack sawasawa na udikteta, kichwa cha nguruwe sawasawa na uovu, hivo hivo mpaka mwisho. Simlaumu ata kidogo. Sisi wa 8-4-4, mfumo wa shule wa Kenya, pia ndivyo tulivyosomeshwa fasihi, maudhui, wahusika, mbinu za uandishi, taja ishara tatu na ufafanue, alama sita, na mwalimu ana haraka ya kumaliza silabasi. Lakini naomba kwa roho safi kabisa, yeyote atakayenunua hiki kitabu akisome bila hizo alama za sawasawa, ju zinafunika kitu chenyewe kizuri. Ishara kwa huyu mzee Golding haikai mahali pamoja ikimaanisha kitu kimoja kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho. Inabebwa, inaazimwa, inadharauliwa, inaibiwa, inavunjwa, na habari yote iko kwa venye watu wanaishika.

Kwa wenye hawajasoma: kuna vita, ndege imebeba watoto wa shule wa Kiingereza wanaohamishwa, inashambuliwa na kuanguka kwa kisiwa fulani, hakuna mtu mzima amepona. Ni wavulana watupu, wakubwa wana miaka kama 12 na wadogo kabisa kama sita. Matunda yapo, maji matamu yapo, nguruwe pori wapo. Yaani njaa si shida, na hapo ndipo kinaachana na hadithi nyingi za kuokoka porini, zile ambazo adui ni kiu au baridi au simba na ukimshinda umeshinda. Hapa kila kitu cha kuishi kipo na bado mambo yanaoza. Mwenye anatafuta mbinu za kuwinda na kujenga kambi atafute kitabu kingine, hapa watoto wanashindwa kujenga pamoja vibanda vitatu vya majani.

Ralph, mvulana mrefu wa sura nzuri, na mwenzake mnene mwenye pumu na miwani wanaopenda kumwita Piggy (jina lake la ukweli hatulijui mpaka kitabu kinaisha, hakuna mtu anajisumbua kumuuliza), wanaokota kombe kubwa la baharini, ndilo lile baragumu. Piggy ndiye anajua linapulizwa, alishaona lingine kama hilo kwa rafiki yake, lakini pumzi hana. Ralph anapuliza, watoto wanatoka msituni mmoja mmoja, wawili wawili, na saa ya kura wanamchagua Ralph. Golding hafichi: mwenye akili hapo alikuwa Piggy, mwenye kuzoea kuamrisha alikuwa Jack kiongozi wa kwaya, lakini Ralph alikuwa na umbo, utulivu na lile baragumu. Wakashika sheria kwamba mwenye baragumu mkononi ndiye anaongea na wengine wanasikiza.

Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa sana hiyo. Lamu na Pate kulikuwa na siwa, ile pembe kubwa ya heshima, haikupulizwa ovyo, ilikuwa ya shughuli za utawala na za koo kubwa. Na hapa Nairobi mpaka leo Spika akiingia Bungeni ile rungu ya rangi ya dhahabu inatangulia, isipokuwepo mahali pake kikao si kikao. Chombo chenyewe hakina nguvu yoyote, nguvu iko kwa masikio ya waliokubali kunyamaza mwenzao akiwa nacho. Ni kama laini ya matatu tao jioni, hakuna polisi, hakuna kamba, watu wamejipanga mpaka kona kwa sababu kila mtu anaamini wa mbele yake anaamini. Mvua ikianza na wa kwanza akipitia dirishani, laini imeisha hapo hapo, ata kama nusu ya watu bado wamesimama wakiwa na mwavuli na adabu zao.

Na Golding anakuonyesha huyo wa dirishani mapema sana, hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwangu. Siku ile ile ya kwanza, wamepanda mlima kuwasha moto wa kuita meli, Piggy ana baragumu mkononi anataka kuongea, na Jack anamwambia juu ya mlima baragumu halihesabiki. Ralph anajaribu kurekebisha baadaye, anasema popote lilipo ni mkutano, huku juu sawa na kule chini, lakini neno limeshatoka. Mchana sheria imezaliwa, kabla ya jua kutua kuna mahali haifiki. Ukiangalia serikali yoyote, kanisa lolote, ata chama cha akina mama cha mtaa, kuharibika kunaanza na mtu mmoja kusema hapa hiyo haihesabiki na wengine kuendelea na kazi.

Alafu kuna ile orodha. Piggy alisema mapema waandike majina, wajue wako wangapi, hasa wale wadogo ambao hawakai mahali pamoja. Hakuna aliyemsaidia. Moto wa kwanza unawashwa kwa fujo, unaruka msituni, na mtoto mdogo mwenye alama ya kuzaliwa usoni, aliyekuwa amesimama mbele ya mkutano muda mfupi uliopita akiongea kuhusu kitu kama nyoka, haonekani tena. Piggy anauliza yuko wapi. Wananyamaza. Hawawezi ata kusema kwa uhakika amepotea nani, kwa sababu jina lake hawakuandika. Hapo mwenzangu wa penseli hajaandika kitu, ukurasa uko mweupe, na mi naona hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko kichwa cha nguruwe na nzi wake wote. Hakuna chombo cha kushika hapo, hakuna ishara ya kujibia mtihani. Mtu wa kwanza kufa kisiwani hakuuawa na mwovu yeyote, aliuawa na wenzake wazuri tu ambao hawakumhesabu.

Sura ya tano ndiyo roho ya kitabu, na wengi wanaipita wakikimbilia kule kwa kuuana. Ralph anaita mkutano jioni, giza linaingia, na anachotaka kuongea ni maji na choo. Walikubaliana maji ya kunywa yachotwe yawekwe kwa vifuu vya nazi yafunikwe majani, ikafanyika kidogo, sa hivi vifuu vimekauka. Walikubaliana choo kiwe kwa yale mawe ambapo bahari inakuja kusafisha, sasa watoto wanajisaidia popote, karibu na vibanda, karibu na miti ya matunda wanayokula. Na vibanda: cha kwanza walijenga wote, cha pili wakajenga wanne, cha tatu wakajenga wawili, Ralph na Simon, mmoja wa wale wa kwaya. Wote, wanne, wawili. Golding angeweza kuandika kurasa kumi za falsafa kuhusu jamii kuvunjika na zisingefika hapo. Ralph akitaja choo watoto wanacheka. Mtu aliyekaa ploti yenye choo kimoja hawezi kucheka.

Ule mkutano unavunjika, Jack anazitukana sheria hadharani, watoto wanakimbilia ufuoni wanaruka na kupiga kelele gizani, wanabaki Ralph, Piggy na Simon. Piggy anamwambia puliza, waite warudi. Ralph anakataa, anasema akipuliza na wasipokuja basi imeisha, hawatakuwa na moto tena, watakuwa kama wanyama. Nilifunga kitabu hapo nikatoka nje kidogo. Baragumu liko zima, halina ata ufa, liko mkononi mwa yule yule waliyemchagua kwa kura, na yeye anaogopa kulijaribu. Anaihifadhi heshima yake kwa kutoiuliza swali. Penseli imeandika pale "demokrasia iko hatarini," sawa, lakini hatari ni ya kitu kilicho hai, na hapa huyu kijana ameshashuku limekufa na amebaki kulibeba tu.

Roger ni mtoto mkimya ambaye unaweza kumsahau, na naomba usimsahau. Sura ya nne amejificha nyuma ya mti anamrushia mawe mtoto mdogo anayecheza mchangani, lakini anamkosa makusudi, kuna duara la yadi kama sita kuzunguka huyo mtoto ambalo hathubutu kutupa jiwe ndani yake. Golding anasema mtoto analindwa na wazazi, shule, polisi na sheria, vitu ambavyo kisiwani havipo kabisa, vipo tu ndani ya mkono wa Roger. Baadaye ni mkono huo huo unaoegemea gogo la kusukumia jiwe kubwa linalomuua Piggy. Kati ya vijiwe vya kukosa makusudi na lile jiwe kubwa hakuna siku unaweza kuonyesha kwa kidole ukasema ni hapa. Sisi tuliokuwa Nairobi watu wazima Januari 2008 hatusomi hiyo sehemu kama fasihi ya mtihani. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, iliandika watu 1,133 waliuawa. Reli iling'olewa Kibera. Mikono iliyofanya hivo wiki chache nyuma ilikuwa inauza sukuma, inaendesha matatu, inasalimia majirani, na ile duara ya yadi sita ilikuwepo kwa kila mtu, mpaka ikaacha kuwepo.

Ndiyo maana pia napenda venye uso wa kupaka rangi umeandikwa. Jack anajipaka udongo na makaa ili nguruwe wasimwone, sababu ya kazi kabisa, alafu anajiangalia kwa maji na anaona mtu mgeni, na huyo mgeni hana aibu. Baada ya hapo wanaomfuata wanakuwa kabila, na kuna kurasa Jack anatajwa kama chifu tu. Kuna mtoto mdogo anaitwa Percival, amefundishwa nyumbani akipotea aseme jina lake lote, anwani na namba ya simu, kama sisi tunavyofundisha wetu kukariri namba ya mama kabla ya kuwapeleka Uhuru Park. Mwanzoni anaisema kama sala. Kwenye ukurasa wa karibu na mwisho, mtu mzima akiwa ameshafika wa kumsikiza, anafungua mdomo aseme jina na halipo.

Sasa miwani. Wanaitumia kukusanya jua na kuwasha moto, na nitasema wazi kuna kosa la fizikia hapo, Piggy haoni vitu vya mbali na lenzi za mtu wa hivo hutawanya mwanga, haziwezi kuwasha kitu. Ni kosa la mwandishi na limejulikana siku nyingi. Halinisumbui sana, ju chenye kinafanya kazi ni venye zinapita mkono hadi mkono. Mara ya kwanza Jack anampokonya Piggy usoni bila kuomba, kila mtu anaona ni kazi ya pamoja, hakuna shida. Mara ya pili anamzaba kofi lenzi moja inavunjika. Mara ya tatu watu wa Jack wanavamia kibanda usiku, kunapigwa ngumi gizani, na wakiondoka Piggy anasema alidhani walifuata baragumu. Ralph anaenda kuangalia, liko pale pale karibu na kiti chake, hakuna aliyeligusa. Wamechukua miwani tu. Wezi wamepita mbele ya kitu cha heshima kuliko vyote kisiwani wakakiona ni kombe la baharini, na unajua, saa hiyo ndivyo kilivyo. Yenye inaumiza ni kwamba Piggy, aliyeibiwa macho yake, alikuwa amelala akilihofia baragumu.

Kichwa cha nguruwe nitapita haraka. Ndicho chenye jina la kitabu, yaani Bwana wa Nzi, nzi wamekijaa, na jina lenyewe linarudi kwa Baal-zebubu mungu wa Ekroni kwenye 2 Wafalme sura ya kwanza. Wanakichomeka kwa mti uliochongwa ncha mbili kama zawadi ya mnyama ambaye hayupo. Watu wanaandika sana juu ya hapa lakini mi naona hapa mzee anapaza sauti kupita kiasi, kichwa kinaongea na Simon na kumwambia waziwazi kwamba mnyama ni sehemu yenu. Kingetosha na nzi wake. Nguvu iko mbele kidogo, Simon akipanda mlima na kukuta yule mnyama wanayemkimbia ni maiti ya mtu aliyeshuka na parachuti kutoka kwa vita ya watu wazima, upepo ukivuta kamba anainuka, ukiacha anainama. Anamfungua zile kamba, anashuka kwenda kuwapa wenzake habari njema, mvua, radi, giza, wako katikati ya densi na wimbo wa kuua, wanamshukia kwa mikono na meno. Na Ralph na Piggy wamo humo. Asubuhi yake soma pole pole. Piggy anasema ilikuwa ajali. Mapacha Sam na Eric wanasema wao waliondoka mapema, walikuwa wamechoka. Kila mtu ana mkwaruzo mwilini na kila mtu aliondoka mapema. Mazungumzo ya adabu, sauti ya chini, na yamenitisha kuliko damu ya usiku.

Baada ya hiyo asubuhi, baragumu linapovunjika pamoja na Piggy vipande elfu vyeupe, sikushtuka, na nafikiri hatukutakiwa kushtuka. Lilikuwa limebaki kuvunjika tu.

Mwisho ofisa wa jeshi la majini anatokea ufuoni, nguo nyeupe, bastola kiunoni, meli ya vita nyuma yake, ameona moshi wa moto ambao watoto waliwasha ili wamtoe Ralph mafichoni wamuue. Anawaangalia walivyo wachafu na kusema alitarajia wavulana wa Kiingereza wangefanya vizuri zaidi ya hapo. Hapa ndipo nyota yangu moja inatoka, na nataka nieleweke. Namheshimu Golding. Alikuwa mwalimu wa wavulana Salisbury, alipigana vita ya pili akiwa jeshi la majini la Uingereza, aliyaona mambo, na aliandika hiki kitabu kujibu hadithi ya karne ya 19 iitwayo The Coral Island ambamo wavulana wa Kiingereza, Ralph na Jack wakiwemo, wanakaa kisiwani wasafi na wacha Mungu na ubaya unatoka kwa watu wengine. Alikuwa anawaambia watu wake ubaya uko kwenu. Hiyo ni kazi ya ujasiri. Kwa maisha yake yote ya uandishi walimpa Nobel 1983.

Lakini akitaka kuonyesha Mwingereza amepotea, anamvisha nini? Udongo usoni, ngoma ya duara, mkuki, kabila, chifu. Na kadri kurasa zinavyoenda, mwandishi mwenyewe, si watoto tu, anaanza kuwaita washenzi. Matoleo ya kwanza ya Uingereza Piggy alikuwa anawafananisha wenzake waliopakwa rangi na watu weusi kwa tusi lenyewe, wakaja kulibadilisha. Sasa mi nasoma hiyo nikiwa Nairobi. Kwa babu zetu wengi kijana aliyepakwa udongo na kuchezwa ngoma alikuwa anaingizwa ndani ya sheria, anafundishwa wa kumheshimu ni nani, mali ya mtu haiguswi, mtoto wa jirani ni wako. Ile ndiyo ilikuwa shule na korti kwa pamoja. Golding amechukua sare ya utaratibu wa watu wengine akaifanya picha ya kukosa utaratibu.

Na ona tarehe. Kitabu kilitoka London Septemba 1954. Aprili 24 mwaka huo huo, hapa hapa tunapopanda matatu, serikali ya huyo ofisa wa nguo nyeupe ilizingira Nairobi na kuanza Operesheni Anvil, msako mkubwa dhidi ya Mau Mau. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani na barabarani, wakapelekwa kuchujwa Langata, na zaidi ya 20,000 wakafungiwa bila kesi, wengi kwa kambi za Manyani na Mackinnon Road. Hiyo haikuitwa ushenzi, iliitwa kurudisha utulivu. Ilikuwa na orodha za majina, safari hii majina yaliandikwa vizuri sana. Kwa hivo mtu akiniambia kitabu kinafundisha kwamba bila mtu mzima na sheria tunarudi kuwa wanyama, nitamuuliza ni mtu mzima gani na sheria ya nani. Kwa haki, nafikiri ile bastola na meli ya vita ziliwekwa pale mwisho kwa makusudi, na Golding analijua hilo swali. Anaishia kulionyesha kwa mbali tu, na mi nilitaka aende nalo.

Kitu ingine, usikubali mtu akuambie hadithi hii ni ushahidi wa venye binadamu alivyo. Ni riwaya. Mwaka 1965 wavulana sita wa Tonga walitoroka shule na boti, dhoruba ikawatupa kwa kisiwa kisicho na watu kinaitwa 'Ata, wakakaa zaidi ya mwaka mpaka nahodha wa Australia, Peter Warner, akawapata 1966. Walikuwa wamelima shamba, wamegawana zamu, moto wao hawakuuacha uzime, mmoja akivunjika mguu wenzake walimfunga ukapona. Hao walikuwa marafiki tangu mwanzo, walijuana majina, na nadhani hiyo ndiyo tofauti yenyewe kuliko habari ya damu au rangi. Kwa Golding wengi wa wale watoto hawakujuana na hawakujulishwa. Pia hakuna msichana ata mmoja kisiwani, na kila mwanamke niliyemsomea kipande ameuliza swali hilo kabla sijafika ukurasa wa pili.

Bado nakipendekeza, tena sana. Kiingereza chake kina maelezo mengi ya msitu, mwanga na bahari, sura tatu za kwanza zinaenda pole, vumilia, kuanzia ya nne hutakiweka chini. Watoto chini ya miaka 13 ningewangojesha, na darasani ningeomba walimu wasianze na ishara, waanze na hesabu ya waliojenga vibanda. Mwenye anasoma kwa ajili ya mtihani wa shule za mtaala wa Uingereza atapata nakala mpya zenye maelezo kwa maduka makubwa ya vitabu, bei itakuwa juu mara kadhaa ya hii yangu. Mwenye anataka hadithi tu aende kwa wale wa gunia, aulize, wengi wanayo, aongee bei kwa heshima. Kabla ya kulipa fungua nyuma uhakikishe sura ya 12 iko yote, ju nakala za zamani kurasa za mwisho ndizo hutoka kwanza.